Mkenya wa kwanza NFL: mechi chache za Daniel Adongo zina maana gani?

Kila Februari, fainali ya Super Bowl inapoanza huku kwetu ikiwa saa nane na nusu usiku, jina la Daniel Adongo hurudi mitandaoni. Mmoja huandika kwamba Mkenya huyu alikuwa nyota wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Mwingine humjibu kwamba hakucheza chochote, alikalia benchi tu hadi akafukuzwa. Wa tatu huleta hesabu ya mamilioni ya dola anayoamini Adongo aliyakunja. Wote watatu hawako sawa, na kosa lao lina mzizi mmoja: wanaipima ligi ya Marekani kwa kipimo cha soka la Ulaya. Kule Ulaya mchezaji akisajiliwa amesajiliwa, na mkataba wake wa miaka mitatu ni mshahara wa miaka mitatu, acheze asicheze. NFL haiendi hivyo. Ukishaelewa inavyokwenda, utaona kwamba alichofanya Adongo ni kikubwa kuliko wanavyodhani wanaombeza, na ni kitu tofauti kabisa na wanachodhani wanaomsifu.

Kwanza yale ya wazi. Adongo ni mchezaji wa raga kutoka Kenya, mtu wa futi sita na inchi tano na uzito wa zaidi ya kilo 115. Raga ya kulipwa aliicheza nje ya nchi, na mwaka 2013 alikuwa Afrika Kusini na Southern Kings, timu ya Port Elizabeth. Julai mwaka huo, akiwa na miaka 23, Indianapolis Colts, klabu ya NFL, wakamsajili. Hakuwahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani, si ya shule, si ya chuo, si ya mtaani. Miezi mitano baadaye, tarehe 8 Desemba 2013, aliingia uwanjani Cincinnati dhidi ya Bengals na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL. Colts walifungwa 42 kwa 28 siku hiyo. Msimu wa 2014 ulimpita akiwa kwenye orodha ya majeruhi, na mwaka 2015 safari yake na Colts ikaisha.

Kwa macho ya soka hayo ni maisha mafupi mno. Ili tuyaelewe, tuanze na mchezo wenyewe.

Futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande, lakini si 11 walewale kwa mechi nzima. Kila klabu ina makundi matatu yanayopokezana. Kuna washambulizi, ambao huingia timu inapokuwa na mpira. Kuna walinzi, ambao huingia mpira ukiwa kwa wapinzani. Halafu kuna kikosi maalumu, kinachoingia pale mpira unapopigwa kwa mguu, kwa mfano mwanzo wa kila nusu na baada ya kila bao. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi, ambazo ni mita tisa na kidogo. Ikifanikiwa hupewa manne mengine, na ikishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Kila jaribio huanza watu wakiwa wamesimama tuli, huchukua sekunde chache tu, kisha kila kitu husimama tena. Kwa hiyo mchezaji anaweza kuwa mahiri na bado akaonekana uwanjani mara nane au kumi tu kwa mechi, kwa sababu kundi lake huitwa mara hizo tu.

Sasa ngazi za kuingia. NFL ina klabu 32. Kila mwaka klabu hizo huchagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi saba, katika hafla iitwayo drafti, na karibu wote hutoka vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka 2013 walichaguliwa 254. Asiyechaguliwa anaweza kusajiliwa na klabu yoyote inayomtaka, kwa mkataba wa kima cha chini na dhamana ndogo ya malipo au pasipo dhamana yoyote. Huo ndio mlango alioupitia Adongo. Anayesajiliwa hivyo hajaingia kwenye timu bado. Ameingia kwenye kambi.

Kambini klabu huruhusiwa kuwa na watu 90. Kabla msimu haujaanza, 90 hao lazima wapunguzwe hadi 53. Chukua klabu zote 32: ndani ya siku chache mwishoni mwa Agosti, zaidi ya wanaume elfu moja, wengi wao waliocheza mchezo huu tangu utotoni, hupoteza nafasi zao. Kwa mchezaji wa chuo cha Marekani, hata kuifikia kambi hiyo ni bahati. Hukadiriwa kwamba kati ya kila mia wanaomaliza umri wa kucheza chuoni, hawafiki wawili wanaoingia NFL.

Wengine kati ya walioachwa huokotwa tena na klabu zao na kuwekwa kwenye kikosi cha mazoezi. Hapa ndipo mkanganyiko mwingi unapozaliwa. Kikosi cha mazoezi si benchi. Mtu wa benchi huvaa jezi, husimama pembeni ya uwanja na anaweza kuitwa dakika yoyote. Mtu wa kikosi cha mazoezi, kwa kanuni za mwaka 2013, alifanya kazi wiki nzima na siku ya mechi hakuruhusiwa kucheza. Klabu ilikuwa na nafasi nane tu za namna hiyo. Kazi yake kubwa ilikuwa kuigiza wapinzani: wiki hii unajifanya mlinzi wa Bengals ili washambulizi wa Colts wajifunze kukukwepa, wiki ijayo wewe ni mlinzi wa Texans. Adongo aliuanzia msimu wa 2013 hapo, na nadhani hakuna shule ambayo ingemfaa zaidi. Mtu asiyejua mchezo alilipwa kujifunza kila siku mbele ya wanaoujua kuliko wote duniani.

Mapema Desemba Colts wakampandisha kuwa mmoja wa wale 53. Hata hao 53 si wote wanaocheza. Mwaka huo ni 46 tu walioruhusiwa kuvaa jezi siku ya mechi, na saba walibaki na nguo zao za kawaida. Adongo alivaa jezi. Anayesema "alikalia benchi tu" anamzungumzia mtu aliyepita kwenye chujio la 90, la 53 na la 46 katika mchezo ambao mwezi Juni alikuwa haujui.

Alichezeshwa kwenye kikosi maalumu, na hapo inafaa tutue kidogo, kwa sababu watazamaji wengi huenda kuchukua chai wakati huo.

Kwa kanuni za 2013, mpigaji alisimama kwenye mstari wa yadi 35 wa upande wake. Wenzake kumi walijipanga kulia na kushoto kwake, wakiruhusiwa kurudi nyuma yadi tano tu. Mpira ukipigwa, kumi hao walifyatuka kwa kasi yote waliyokuwa nayo na kukimbia mita 40 hadi 50 kumkabili aliyeupokea. Njiani walikutana na watu wa upande wa pili ambao kazi yao ilikuwa kuwagonga wasifike. Mkimbiaji alitakiwa abaki kwenye njia yake aliyopangiwa, kwa sababu akiiacha hatua tatu tu anafungua uwazi. Alitakiwa amkwepe au ampangue anayemzuia, asipoteze kasi, amtazame mwenye mpira anaelekea wapi, kisha amwangushe. Yote hayo katika sekunde tano au sita, dhidi ya watu wenye ukubwa kama wake. Migongano ya kasi hiyo iliumiza wengi mno, na ndiyo maana mwaka 2024 ligi iliubadilisha mpangilio ili wengi wa wachezaji wasianze tena kwa mbio ndefu.

Klabu huwatazama wachezaji wapya hapo kwanza. Kikosi maalumu hakihitaji ujue kila kitu, kinahitaji mwili, ujasiri na utii wa njia yako. Kumwangusha mtu anayekuja mbio uwanja ukiwa wazi ni kitu ambacho mchezaji wa raga amekifanya maelfu ya mara. Kama kuna sehemu moja ya futiboli ya Kimarekani ambayo mtu wa raga anaweza kuisaidia timu kabla hajamaliza kujifunza, ni hiyo.

Lakini watu huchukua ukweli huo mdogo na kuufanya mkubwa: raga na futiboli ya Kimarekani ni ndugu, kwa hiyo bingwa wa raga ana nusu ya safari tayari. Undugu upo, maana michezo yote miwili ilitoka kwenye mizizi ya shule za Uingereza, ila imeachana kwa zaidi ya miaka mia moja na kilichobaki sawa ni umbo la mpira na kugongana. Kwenye raga ni marufuku kumzuia mtu asiye na mpira. Kwenye futiboli ya Kimarekani kumzuia mtu asiye na mpira ndiyo kazi ya nusu ya wachezaji. Mtu wa raga anapokimbilia mpira hutegemea njia iwe wazi, na mwili wake umezoea hivyo kwa miaka. Ghafla anapigwa ubavuni na mtu ambaye hakuwa hata akimtazama. Kulijua hilo kwa akili ni jambo la dakika moja. Kuufundisha mwili ulitarajie kila mara ni suala la misimu.

Kuna na hili la mita. Kwenye raga, ukimkaba mtu akaanguka baada ya kusogea mita mbili mbele, umefanya kazi nzuri, kwani mchezo unaendelea na wenzako wanajipanga. NFL mita mbili hizo zinaweza kuwapa wapinzani majaribio manne mapya. Kwa hiyo ukabaji uleule uliokufanya usifiwe Port Elizabeth unaweza kukupatia karipio Indianapolis.

Ugumu mkubwa kuliko wote uko kwenye nafasi aliyopewa. Colts walimfundisha kuwa lainibeka wa nje, mlinzi anayesimama pembeni ya mstari wa mbele. Kabla ya kila jaribio, mlinzi huyu hupokea amri kwa neno au ishara, na neno hilo moja hubeba maagizo ya watu 11. Akiuona mpangilio wa wapinzani umebadilika, kazi yake nayo hubadilika. Mpira ukianza, ana chini ya sekunde moja kuamua: hii ni mbio au ni pasi? Nimkimbilie kwotabeki, yaani yule anayegawa mpira, au nirudi nyuma nimlinde mpokeaji? Au nisimame palepale niuzibe upande? Mmarekani aliyefika NFL amekuwa akijibu maswali hayo tangu sekondari. Macho yake yanasoma nyayo na mabega ya mtu bila yeye kufikiri. Adongo alitakiwa kufikiri, na anayefikiri kwenye mchezo ule amechelewa. Si suala la akili wala kipaji. Ni miaka, na miaka hainunuliwi kwa kilo wala kwa kasi.

Colts wenyewe wanatupa mfano wa kulinganisha. Chini ya meneja mkuu wao wa wakati huo, Ryan Grigson, hawakuogopa kujaribu watu waliotoka nje ya mchezo. Mwaka 2014 walimsajili Erik Swoope, aliyecheza mpira wa kikapu Chuo Kikuu cha Miami na hakuwahi kucheza futiboli chuoni. Huyo naye alianzia kikosi cha mazoezi. Mwaka 2016 alidaka pasi 15 za yadi 297 na kufunga bao moja. Si takwimu za nyota, ila zilichukua misimu miwili ya kujifunza kimya kabla hazijaonekana, na mwili wake ulimpa muda huo. Adongo alipoukosa msimu wa 2014 kwa kuumia, hakukosa mechi tu. Alipoteza mazoezi ya msimu mzima katika kipindi ambacho kila siku ya mazoezi kwake ilikuwa na thamani kuliko kwa yeyote mwingine mle kambini. Nikiulizwa ni nini kilimzuia Adongo kudumu, nitataja hilo kabla ya jingine lolote.

Tuje kwenye pesa. Magazeti huandika "asaini mkataba wa miaka mitatu NFL" na msomaji huzidisha mshahara mara tatu. Mkataba wa mchezaji wa aina hii unafanana na kibarua cha mjengo: mkandarasi anakwambia jengo hili ni la miaka mitatu na wewe umo, lakini unalipwa kwa siku unazoitwa, na asubuhi asipokuita hakudai wala humdai. Mshahara wa NFL hulipwa kwa wiki za msimu, ambazo mwaka 2013 zilikuwa 17. Kima cha chini cha mchezaji mpya kwenye kikosi cha 53 kilikuwa dola 405,000 kwa msimu, yaani kama dola 23,800 kwa wiki. Kima cha chini cha kikosi cha mazoezi kilikuwa dola 6,000 kwa wiki.

Piga hesabu ya mchezaji yeyote wa viwango hivyo. Akikaa kikosi cha mazoezi wiki 13 anapata dola 78,000. Akipandishwa kwa wiki nne za mwisho anapata zaidi ya dola 95,000. Wiki nne zinapita 13. Toa kodi ya serikali kuu, kodi za majimbo anakochezea, asilimia ya wakala, na gharama ya kuishi. Ni pesa nzuri, hakuna anayekataa, na kwa familia nyingi za Afrika Mashariki ni pesa ya kubadilisha maisha. Lakini si mamilioni. Mamilioni ni ya wachezaji waliochaguliwa mapema kwenye drafti, au waliodumu hadi mkataba wa pili. Hata pensheni ya ligi ina sharti: lazima mchezaji atimize misimu mitatu inayohesabika.

Wachezaji wengi hawaitimizi. Chama cha wachezaji wa NFL kimekuwa kikitaja wastani wa miaka mitatu na kidogo ya mchezaji kudumu kwenye ligi. Wasimamizi wa ligi hutoa idadi kubwa zaidi, kwa sababu wao huwahesabu walioingia kikosini tangu mwanzo wa mwaka wao wa kwanza na kuwaacha waliopita kambini na kutoka. Hesabu zote mbili ni za kweli, zinategemea umemhesabu nani. Ukimweka Adongo kando ya Wamarekani walioingia naye kwa mlango uleule wa wasiochaguliwa, maisha yake ya NFL hayakuwa ya aibu. Yalikuwa ya kawaida, na wengi wao hawakupata hata mechi moja.

Na wenzake wa raga je? Christian Wade, winga wa Uingereza, aliugusa mpira kwa mara ya kwanza akiwa na Buffalo Bills Agosti 2019, kwenye mechi ya maandalizi dhidi ya haohao Colts, na akakimbia yadi 65 hadi bao. Video ikasambaa dunia nzima. Alikaa na Bills kwa misimu mitatu na hakuwahi kucheza mechi hata moja ya msimu rasmi. Jarryd Hayne, nyota wa raga ya ligi (ile ya watu 13) Australia, alicheza msimu mmoja San Francisco mwaka 2015 akaondoka. Louis Rees-Zammit aliiacha timu ya taifa ya Wales mwaka 2024 kwenda Kansas City Chiefs, akaishia kikosi cha mazoezi cha Jacksonville, kisha mwaka 2025 akarudi kwenye raga. Hao walikuwa majina makubwa kumshinda Adongo, na Wade na Rees-Zammit hawakufika alipofika yeye.

Aliyefanikiwa kweli ni Jordan Mailata wa Australia. Alichaguliwa raundi ya saba mwaka 2018, na leo ni tegemeo la Philadelphia Eagles na bingwa wa Super Bowl ya Februari 2025. Angalia walivyomtumia: hawakumpa mpira. Walimweka mstari wa mbele kumlinda kwotabeki, nafasi ambayo mwili wake wa mita mbili ungemsaidia wakati akijifunza, na hakucheza mechi yoyote rasmi kwa misimu miwili ya kwanza. Wakamvumilia.

Uvumilivu huo sasa una utaratibu. Mwaka 2017 NFL ilianzisha mpango wa wachezaji wa kimataifa, ambao huwafundisha wanamichezo kutoka nje kwa wiki kadhaa kabla hawajaonekana na klabu. Mailata alipitia huko. Tangu 2024 kila moja ya klabu 32 hupewa nafasi ya ziada kwenye kikosi cha mazoezi kwa ajili ya mchezaji wa kimataifa, nafasi isiyomnyima mtu mwingine, na mchezaji huyo anaweza kupandishwa kucheza hadi mechi tatu kwa msimu bila kuhesabiwa kwenye wale 53. Ligi pia imeanza kutafuta vijana Afrika kwa kambi zake, na Nairobi ilipata zamu yake mwaka 2023.

Mwaka 2013 hapakuwa na mpango, nafasi ya ziada wala kambi ya Nairobi. Adongo alishindania zile nafasi nane za mazoezi pamoja na vijana waliolelewa ndani ya mchezo huu, na jezi aliyoivaa Cincinnati ilitoka kwenye zile 46 ambazo Colts walikuwa nazo kwa ajili ya kushinda mechi ile.